Jiwe Lililolala

Jumapili, 1 Juni 2025

Leo kanisani Mtume Armel ametuonyesha foto. Ukutani, kwa ile mashine ya mwanga, kubwa kama pazia. Mawe. Mawe marefu yamesimama kwa duara juu ya kilima kitupu, nyasi zimekauka na baridi, mbingu kijivu. Katikati jiwe moja pana limelala kama kitanda.

Watu wote — aaah!

Mimi nilisisimka mwili. Sijui kwa nini. Ni mawe tu.

Anasema iko kule juu, kupita Maritzburg, kwenye shamba la mzungu mmoja asiyekataza watu kupita. Anasema yalisimamishwa na watu wa kwanza kabisa, wale waliosikia sauti ya Mungu kwa masikio yao wenyewe. Kwamba ni mlango. Kwamba asubuhi ya siku fupi kuliko zote, jua linapita katikati ya mawe mawili na kugusa lile lililolala, na mgonjwa aliyelazwa pale anainuka mzima. Siku hiyo ni tarehe ishirini na moja, mwezi huuhuu.

Halafu akatazama upande wetu. Si mimi — Grâce. Mtoto alikuwa amelala kwenye mapaja ya baba yake, bado amechoka na kifafa cha jana.

Honoré hakusema neno njia nzima mpaka tumefika nyumbani Sydenham. Ninamjua mume wangu. Akinyamaza hivyo, tayari moyo umeshakwenda.

Jumanne, 3 Juni

Kliniki. Hatukuingia.

Getini wamesimama watu, wanaume kwa wanawake, fulana za rangi moja, wengine na fimbo. Wanataka kitambulisho cha South Africa. Nimeonyesha kadi ya Grâce. Amezaliwa hapahapa Durban! Anachukua vidonge vyake hapo tangu hajaanza shule! Mama mmoja, umri wa mama yangu, akasema mtoto arudi akatibiwe kwao. Grâce akamjibu kwa Kizulu chake kizuri cha shuleni, kwamba kwao ni Sydenham, karibu na robot ya pili, zile taa za barabarani. Watu wakacheka. Si kicheko kizuri.

Nilimshika mkono tukaondoka polepole. Ukikimbia wanakufuata.

Askari wa geti alikuwa anaangalia simu yake.

Vidonge vilivyobaki havitafika mwisho wa mwezi. Pharmacie wanataka karatasi ya daktari. Daktari yuko ndani ya geti.

Nimeogopa mpaka nimesahau kununua mkate.

Alhamisi, 5 Juni

Amesema.

Grâce alikuwa anaoga. Honoré ametoka Clairwood, lori ameliacha yadi, bado ana vumbi kwenye nyusi. Akakaa.

— Mama Grâce, tutampeleka.

— Wapi?

— Unajua wapi.

Siku mbili kabla, mtoto hali, hanywi dawa. Maji tu. Mtume anasema kidonge ni shaka, na mlango haufunguki kwa mtu mwenye shaka. Nikamwambia ni mtoto wa miaka saba! Na kule juu mwezi wa sita ni barafu asubuhi! Akiacha dawa siku mbili atashikwa vibaya, daktari mwenyewe alituambia, ulikuwepo!

Hakupiga kelele. Heri angepiga.

— Miaka tunampa vidonge. Amepona? Sasa hata hivyo vidonge wametunyima. Wewe unataka nimpeleke wapi? Niambie mahali, nitampeleka leo.

Sikuwa na mahali.

Nikasema tu: nani amekwambia yale mawe ni ya kuponya watu?

— Basi ni ya nini? — akauliza. Alikuwa anauliza kweli. — Mimi ni mtu wa mizigo. Najua uzito. Watu wasiokuwa na gari wala ng'ombe hawapandishi mawe kama yale kilimani kwa mchezo. Walikuwa wanatafuta kitu. Niambie walitafuta nini, mimi nitakusikiliza.

Bon. Amesema atanisikiliza. Nimeshika hapo hapo.

Jumatatu, 9 Juni

Mtume Armel alipita saloni leo. Yeye siku za kazi anatengeneza simu, alimletea Dada Goreth, mwenzangu wa kazi, ile yake iliyoanguka majini. Nilikuwa nasuka mteja, vidole vikaanza kukosea.

Ni mtu mpole. Anaongea kama mtu anayebembeleza mtoto mchanga. Aliniuliza Grâce anapenda kula nini, ili siku akipona wampikie. Akasema ananiombea mimi hasa, juu mama ndiye anayeteseka.

Huyu si mwizi. Hachukui kitu kwa mtu. Angekuwa mwizi ningejua la kumwambia Honoré. Anaamini! Macho yake hayapepesi. Hiyo ndiyo inanitisha.

Alipotoka Goreth akatema pini mdomoni. Goreth ni Mrundi kama yeye, wanatoka mtaa mmoja Bujumbura, hamheshimu hata kidogo.

— Nenda musée, makumbusho ya pale mjini. Kuna watu kazi yao ni mawe na mifupa. Waulize yale mawe ni ya nini. Halafu mwambie mume wako.

Mbona sikufikiria?

Jumatano, 11 Juni

Nimekwenda. Nimerudi. Sijui kama ninacho au sina.

Mwanamke mmoja anaitwa Nokwanda. Kijana kuliko nilivyofikiri, suruali ya jeans, udongo mwekundu kwenye viatu. Nilidhani atanifukuza atakaposikia Kiingereza changu. Akanikalisha, akanipa chai. Nikamwonyesha foto kwenye simu. Akaijua papo hapo. Yeye mwenyewe alichimba pale na walimu wake, alipokuwa mwanafunzi.

Nikauliza: ni ya nini?

Akacheka kidogo. Anasema hilo ndilo swali ambalo kila mtu anataka, na ndilo ambalo hana jibu lake.

Akanieleza yale wanayoyajua. Si zizi la ng'ombe. Maduara ya mazizi yako mengi nchi hii, lakini yale ni kuta, mawe madogo yamepangwa, na udongo wake una samadi. Hapa hakuna. Hili ni la zamani zaidi, kabla ya Wazulu, kabla ya chuma na mifugo, watu wa kuwinda na kuchimba mizizi. Wamekuta majivu. Wamekuta vijiwe vikali vya kukwangulia ngozi. Wazee wa vijiji vya karibu kila mmoja ana hadithi yake na hazifanani. Wengine wanasema mvua, wengine wanasema ni watu waliogeuka mawe.

— Na jua? Mtume wetu anasema jua linapita katikati.

Akachukua karatasi akachora duara la nukta. Akasema: chora mstari popote. Nikachora. Umepita kati ya nukta mbili. Chora mwingine. Umepita tena. Anasema ukiwa na mawe mengi kwa duara, jua halikosi pa kupita siku yoyote ya mwaka. Haimaanishi kwamba hawakukusudia. Ila haimaanishi pia kwamba walikusudia.

Nilitaka kumbusu!

Kisha nikauliza jiwe lililolala. Akaniuliza kwa nini nataka kujua. Nikamwambia yote, Grâce, kliniki, tarehe ishirini na moja. Uso wake ukabadilika. Akainuka akafunga mlango.

Chini ya lile jiwe walikuta mifupa. Ya watoto. Zaidi ya mmoja, na si wa siku moja. Miaka mingi imepita kati ya huyu na huyu.

Nikasema: waliuawa?

Hapana, haoni hivyo. Hakuna alama ya kisu wala ya kupigwa. Walilazwa kwa ubavu, magoti yamekunjwa, kama wamelala. Shanga za ganda la yai la mbuni shingoni. Mmoja mikono yake ilikuwa imepakwa udongo mwekundu. Yeye anafikiri jiwe hilo ndilo la kwanza. Kwamba mtu alizika mtoto wake pale, akaweka jiwe ili fisi wasimchimbue, na baadaye wengine wakaleta wa kwao, na kila waliokuja wakasimamisha jiwe. Hakuna aliyepanga duara. Lilikua tu. Lakini akarudia mara nyingi: nafikiri, sijui. Nafikiri, sijui.

Nilimwomba aje amwambie Honoré hivyo, lakini aseme anajua. Akanishika mkono, akasema hawezi kusema anajua.

Mtume Armel anajua. Yeye hasemi "nafikiri" hata siku moja.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemwambia Honoré. Nimefanya vibaya! Nimefanya vibaya kabisa!

Alisikiliza kweli, alizima hata redio. Nikamweleza mistari ya jua, akaitikia kwa kichwa, akasema huyo dada ana akili. Nikaona ananirudia. Nikasema: na chini ya jiwe ni makaburi, Honoré. Makaburi ya watoto.

Macho yake yakajaa maji.

— Unaona? — akasema. — Hata wao walileta watoto wao.

Nikasema walileta waliokufa!

— Hujui. Huyo dada naye hajui, umesema mwenyewe. Labda waliletwa wagonjwa. Wengine walipona wakaenda nyumbani na miguu yao, hao mifupa yao haiko pale. Unakuta wale tu ambao haikuwezekana.

Mifupa hiyo nimemletea mimi mwenyewe.

Usiku huu wote nitakuwa nasikiliza pumzi ya mtoto.

Jumatatu, 16 Juni

Sikukuu. Hakuna shule, hakuna kazi. Wametupeleka kuona mahali, taxi nzima, basi dogo, ya watu wa kanisa. Honoré akasema njoo uone kabla hujakataa. Nikaenda.

Barabara ya juu, mashamba ya miwa, halafu miti ya mbao, halafu hakuna kitu. Nyasi na upepo. Taxi imebaki chini kwenye geti la waya, tumepanda kwa miguu.

Foto haikusema. Mawe yanampita Honoré urefu. Yana madoa ya njano kama upele mkavu. Mengine yameinama kidogo ndani, kama watu wazima waliomzunguka mtu aliyeanguka. Upepo ukipita katikati yake unatoa sauti ya mtu anayetaka kusema. Ndege hawako. Labda ni baridi tu. Nimejiambia hivyo: ni baridi tu.

Grâce alikimbia! Kofia yake nyekundu, huku na huku, anagusa kila jiwe. Akapanda lile lililolala, akajinyoosha, akaita: Mama, iko na joto!

Nilikwenda nikaweka kiganja. Kweli, lilikuwa na joto. Jua la mchana lilikuwa limelipiga. Jiwe lolote linapata joto juani! Lakini watu wakaanza kuimba.

Nikamvuta Mtume pembeni. Nikamwambia najua kilichokuwa chini ya jiwe. Nilidhani atashtuka.

— Najua, dada yangu. Nimesoma yote waliyoandika. Ndiyo maana nilipachagua.

— Wale watoto walikufa!

Akanitazama kwa huruma, huruma ya kweli, akaweka mkono begani kwangu.

— Mlango una pande mbili, Mama Grâce. Wengine wanaponea upande huu. Wengine wanaponea upande ule. Wote wanapona.

Akatabasamu.

Nikamtafuta Honoré. Alikuwa mbali, anampiga Grâce foto. Kwenye taxi tukirudi nikamnong'oneza neno kwa neno. Akasema nimemsikia vibaya, Mtume Kiswahili chake kina Kirundi kingi, na upepo ulikuwa mkali.

Sikumsikia vibaya.

Jumatano, 18 Juni

Honoré amesema: sawa. Hatuendi. Amesema ameona nilivyokonda, hataki tuvunje nyumba juu ya mawe. Amempa Grâce kidonge cha jioni kwa mkono wake mwenyewe, na maji, mbele yangu.

Nimelia kwenye sinki ili wasinione.

Asante Mungu. Asante!

Alhamisi, 19 Juni

Wameenda.

Shule ilinipigia nikiwa saloni, wanauliza Grâce anaumwa? Asubuhi alitoka na baba yake, begi mgongoni. Nikapiga simu ya Honoré. Imezimwa. Nikapiga yadi Clairwood. Ameomba ruhusa mpaka Jumatatu.

Nilikimbia nyumbani. Blanketi kubwa halipo. Kofia nyekundu haipo. Vidonge vipo. Vyote. Kwenye kabati, mahali pake.

Polisi. Nimekwenda na vidonge mkononi kama mjinga. Askari alitaka karatasi yangu ya kukaa nchini kwanza. Imekufa tangu mwezi wa tatu, nimeomba upya kwenye internet, hawajajibu. Ya Honoré ndiyo bado hai. Akaitazama yangu, akanitazama mimi. Baba yuko na mtoto wake, akasema, hiyo si kesi. Akasema kwa upole kabisa kwamba nisizunguke sana na karatasi kama hiyo, wakati huu si mzuri.

Gari ya Goreth iko kwa fundi mpaka kesho asubuhi. Nimempigia Nokwanda akanieleza njia. Akasema kule sasa hivi kuna baridi ya kuua mbuzi, kisha akasema samahani.

Mtoto hajala. Hajanywa dawa.

Ijumaa, 20 Juni

Naandika ndani ya gari ya Goreth, chini ya kilima. Vidole vimekuwa vigumu.

Tumefika mchana. Wamejenga hema mbili nje ya duara. Moto. Watu wetu, watu ninaowasalimia kila Jumapili! Mama aliyenipa nguo za Grâce alipozaliwa yuko pale, anapiga kayamba. Hakuna aliyenizuia. Walinifungulia njia.

Grâce alikuwa ndani ya blanketi, karibu na jiwe. Midomo imekauka. Akasema Mama, sina njaa tena, njaa imeenda. Kwa fahari. Kama mtoto anayeonyesha daftari la shule.

Nikatoa kidonge. Honoré akanishika mkono. Hakunipiga. Hakunisukuma. Alinishika tu, na nguvu zake ni za mtu wa mizigo.

— Kesho asubuhi tu, Mama Grâce. Kesho asubuhi tu. Nakuomba.

— Umenidanganya mbele ya mtoto!

— Ndiyo.

Ana hofu kama mimi, nimeiona, shingo yake inapiga. Amechoka kuwa baba asiyeweza kitu. Namwelewa, na ningekuwa na jiwe dogo mkononi ningempiga nalo.

Nikapaza sauti. Niliwaambia wote kuhusu mifupa. Niliwaambia shanga, magoti yaliyokunjwa, mikono myekundu. Kayamba ikanyamaza. Nikaona mama mmoja anamvuta mwanawe karibu. Mtume akasema kwa sauti yake ya taratibu, ndugu zangu, dada anaogopa, tumwimbie. Wakaniimbia! Wakanizunguka na kuniimbia, na duara lao likanisogeza polepole mpaka nikajikuta niko nje ya mawe.

Goreth alitaka kumbeba mtoto kwa nguvu. Sisi wawili, wao wengi. Amekwenda dukani kijijini kuomba msaada. Wamemwambia hayo ni mambo ya kanisa la wageni.

Jua limezama haraka. Siku fupi kuliko zote inakuja. Nimetoka garini, nimerudi kukaa kando ya jiwe lililo karibu na Grâce, kwa nje. Hawanifukuzi. Nikinyoosha mkono nitashika ukingo wa blanketi lake.

Jumamosi, 21 Juni

Hospitali ya mji mdogo, chini ya kilima. Ubao wa benchi ni baridi.

Jua halikutokea.

Ukungu. Ulipanda kutoka bondeni kabla ya mapambazuko, mweupe, mzito, mawe ya upande wa pili yakapotea moja baada ya jingine. Walimlaza Grâce juu ya jiwe wakamfunua uso ili nuru imguse. Tulisubiri. Weusi ukawa kijivu, kijivu kikawa cheupe, na hapo ndipo siku ilipoishia. Hakuna mstari wa nuru. Hakuna mlango. Kuna mtoto juu ya jiwe lenye umande. Safari hii halikuwa na joto.

Mtume aliendelea kuomba macho yamefungwa. Nadhani hakujua kama jua lilikuja au halikuja. Haikumhusu.

Kisha Grâce alitoa ile sauti ya kuanza kifafa.

Nimekiona mara nyingi nyumbani, lakini hakijawahi kuwa hivi. Mgongo ulipinda. Kichwa kikawa kinapiga jiwe — kinapiga jiwe! Nilivuka, sijui nani nilimkanyaga, nikaweka mikono yangu chini ya kichwa chake, kinapiga mikono yangu. Watu walipiga kelele za shangwe. Linatoka! Pepo linatoka! Nilisikia Mtume anasema mwacheni, mwacheni avuke.

Avuke.

Honoré alilisikia neno hilo. Alikuwa amepiga magoti upande wa pili wa jiwe. Nilimwona analisikia. Upepo haukuwepo, hakukuwa na Kirundi ndani yake. Akainua uso kumtazama Mtume, halafu akanitazama mimi.

Akamnyanyua mtoto. Akakimbia. Viatu walivivua wote kwenye duara, alishuka kilima kizima bila viatu, juu ya barafu na mawe na miiba, mtoto anatetemeka kifuani mwake, mimi nyuma, Goreth ameshawasha gari.

Kifafa hakikukatika. Kinapungua, kinaanza upya. Goreth aliendesha kama mwendawazimu. Mimi nilimshika kichwa, Honoré miguu.

Hapa hawakutuuliza lolote. Nesi mmoja mnene alimchukua kutoka mikononi mwa Honoré, akaita, wakamchoma sindano, wakamwekea oksijeni. Sasa amelala. Analala sana. Daktari hapendi anavyolala. Kichwa kimevimba nyuma. Anataka akapigwe picha ya kichwa Durban, hospitali kubwa, sasa hivi. Ambulensi iko uani tayari, dereva anamalizia chai yake.

Nafasi ya mzazi ni moja.

Nesi ametuuliza nani anapanda. Honoré akasema: mimi. Nesi akanitazama.

Niandike vizuri, nifikirie vizuri. Karatasi yangu imekufa. Yake iko hai. Kule mlangoni wakiuliza, yeye ataingia na mtoto. Mimi labda nitasimamishwa nje, na mtoto nami. Goreth anaweza kunileta nyuma yao, lakini sisi hatuna king'ora, tutachelewa. Akili inasema: yeye.

Lakini ni yeye. Ni yeye aliyempa kidonge mbele yangu akanitazama machoni.

Na nje ya uzio imesimama taxi ya kanisa. Wamefika. Wako ndani yake, vioo vina mvuke, wanaimba taratibu. Mtume ameshuka peke yake, ameshika viatu vya Honoré mkononi. Hasogei. Anasubiri tu, na uso wake uleule wa huruma.

Nimemwuliza Honoré hapa mlangoni, kwa sauti ndogo ili nesi asisikie:

— Ukifika kule, wakikuuliza mtoto amepatwa na nini, utawaambia nini?

Nyayo zake zimeacha damu njia nzima ya korido. Anaangalia nje, kwenye uzio. Anaangalia kitanda. Akiwaficha jiwe na dawa, hawatajua watibu nini.

Dereva ameweka kikombe chini.